Kanzu Kumi za Kafara

Katika matanga siku ya hatari ni ya tatu. Ya kwanza watu wanalia, ya pili wanachoka, ya tatu wanaanza kusema. Na pale chumbani kwa Mardhiya, Bagamoyo, mwaka ule majumba ya kupangisha yalipotaifishwa, wasemaji hawakukosekana. Wanawake wa mtaa na jamaa za marehemu kutoka Pangani walijaa mkekani, na katikati yao mfiwa, amejifunga shuka nyeupe, mgongo ameuegemeza ukutani, macho yamemvimba.

Shangazi wa marehemu, bibi mmoja mwembamba aitwaye Mwanamkasi, alikuwa akichambua mchele na huku akichambua watu.

"Baba yao alipokufa," alisema, "arobaini yake walianguka ng'ombe wawili. Watu walikula wakafunga na vya kwenda navyo. Sasa huyu Majaliwa wa watu, mpakia magunia, sijui khitma yake itasomwa kwa nini. Kwa kahawa, labda."

Majaliwa alikuwa amepakia magunia ya chumvi kwenye malori miaka kumi na mmoja, hakuibia mtu punje, homa ya siku nne ikamchukua, na sasa hata udongo wa kaburi haujakauka anapimwa kwa ng'ombe asiye naye. Uchungu ulimpanda Mardhiya, na uchungu ukimpanda mtu, ulimi haungoji ruhusa.

"Wallahi," alisema, na chumba kizima kikamgeukia, "Majaliwa atachinjiwa. Zamu yangu ya upatu inaangukia siku tisa kabla ya arobaini. Wallahi yote nitaitia humo. Yote."

Basi, sifa zikammiminikia. Mke ndiye huyu, wake wa siku hizi waje wajifunze, Mungu akulipe mwanangu. Bwanaheri, kaka mkubwa wa marehemu, aliyasikia yale maneno kutoka barazani alikokaa na wanaume, akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu yake. Hata Mwanamkasi aliinua uso kwenye ungo wake. Mtu mmoja tu hakusifu. Bi Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa mkononi. Alimtazama Mardhiya, akalitazama birika, akalitua chini na kwenda zake uani.

Alikuwa na sababu. Bi Mwanamvua ndiye kijumbe wa ule upatu, yaani ndiye akusanyaye na ndiye agawaye. Wanawake kumi na wawili, wauza vitumbua, wauza mkaa, wakaanga samaki na wasuka ukili, kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi ishirini, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi mmoja wao anabeba mia mbili na arobaini. Benki haikuwajua wala wao hawakuijua. Mmoja alitaka magunia ya mchele wa jumla asinunue tena kwa kibaba, mwingine meza ya samaki yenye bati juu, na wote walikuwa wakihesabu miezi. Wawili walikwishachukua. Mardhiya alikuwa wa tatu, naye alichotaka ni cherehani.

Na ukishachukua hujamaliza, hapo ndipo wengi hujidanganya. Mardhiya akila zamu yake leo, bado ana miezi tisa ya kutoa ishirini ishirini mpaka wa mwisho naye apate.

* * *

Watu waliondoka, mikeka ikakunjwa, nyumba ikabaki na mjane na wanawe wawili. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Kwa desturi ya mtaa ule, mwanamke wa eda hatoki nje, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, na hachomi vitumbua kituo cha basi, mahali Mardhiya alipokaa kila alfajiri miaka sita akiwauzia abiria wa Dar es Salaam. Kikaango chake sasa kilining'inia ukutani, matundu saba yanamtazama.

Alijaribu kuchomea uani ili jirani amuuzie. Jirani alirudi na vitumbua kumi na vinne kati ya ishirini, amekula viwili, na kesho yake akasema mgongo unamuuma. Pesa za ubani walizochanga watu zilikwisha kwenye matanga yenyewe, maana Bwanaheri ndiye aliyezishika na Bwanaheri hakuwa mtu wa kuonekana bahili mbele ya wageni. Wiki ya tatu Mardhiya alikuwa akipima mchele kwa kikombe cha chai, na akimaliza kupima anarudisha kidogo kwenye mtungi.

Siku moja baada ya alasiri alisikia hodi ya shemeji yake. Akashusha pazia la mlango wa chumba, akakaa nyuma yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hamjambo humo? Watoto?"

"Hatujambo, tunashukuru Mungu."

Bwanaheri alikaa kwenye kiti upande wa pili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mpima nazi kavu kwenye ghala, mshahara wake mdogo na jina la baba yake kubwa, na siku zote alikuwa akihangaika kuvilinganisha. Alikohoa.

"Nimetoka Msata," alisema. "Nimempata. Ng'ombe mwekundu, si mzee, mnene. Mia na sabini. Nimeweka arubuni thelathini, zangu mwenyewe. Zilizobaki utatoa wewe zamu ikifika, na inayobaki juu yake ni mchele. Pangani nimekwisha peleka habari. Watakuja wote."

"Wote?"

"Shangazi Mwanamkasi peke yake anakuja na watu wanane." Sauti yake ilijaa furaha, na haikuwa furaha ya ubaya. "Shemeji, nilikuwa silali. Nikisema ndugu yangu ataagwa kama mtu asiye na kwao. Wewe umenisitiri."

Mkono wa Bwanaheri ulipenya chini ya pazia na sarafu mbili.

"Mkate wa watoto," alisema, na kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi na baraza ya jirani ina watu, akazihesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Usijali, tutakuwa sawa."

Alizichukua. Watoto walikuwa na njaa, angefanyaje? Lakini baada ya shemeji kuondoka alikaa pale pale kwa muda mrefu, sarafu zikimchoma kiganja, na aibu ya kuhesabiwa shilingi mbili mbele ya mtaa ikamtoa machozi ambayo hayakuwa ya Majaliwa.

* * *

Bi Mwanamvua alikuja siku nne kabla ya Ijumaa ya zamu. Alivua buibui, akalitundika kwenye msumari, akakaa kitandani bila kukaribishwa, kama alivyozoea.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba, mwanangu. Ishirini yako ya mwezi huu unayo?"

Mardhiya alifungua pindo la kanga. Alikuwa ameifunga humo kabla Majaliwa hajaugua, na kwa njaa yote ile hakuigusa. Bi Mwanamvua akaihesabu, akaitia kwenye kibeti chake cha kitambaa.

"Na ya mwezi ujao?"

Mardhiya alilifunga tena pindo tupu.

"Na ya mwezi ule mwingine? Nakuuliza kwa wema. Mwezi ujao zamu ni ya Miza muuza mkaa. Ana mume mgonjwa na kibanda kilichoanguka. Nikimpelekea mia mbili na ishirini nimwambieje? Mwenzio alikuwa na arobaini?"

"Nitatafuta."

"Humu ndani? Utatafuta chini ya kitanda?" Mwanamke yule alikuwa mkali na ukali wake haukuwa na chuki hata chembe. "Mardhiya, tulikwisha panga. Eda ikikufunga, cherehani haifungwi. Unashona chumbani mwako, watu wanakuletea. Yule Mhindi wa duka la vitambaa anahamia Dar es Salaam Jumapili. Cherehani yake ya mkono anaitoa kwa mia na tisini kwa sababu nimemsumbua miezi mitatu. Baada ya Jumapili utaipata wapi nyingine ya bei hiyo?"

"Nimekula yamini, Bi Mwanamvua. Umenisikia. Watu wote wamenisikia."

"Nimekusikia. Yamini ni yako peke yako. Mia mbili na arobaini ni ya watu kumi na wawili."

"Basi ninyimeni. Nirukeni, mpeni Miza. Mimi niwaambie watu sikupewa."

Bi Mwanamvua alitikisa kichwa. Lilikuwa shauri rahisi, naye alikwisha lifikiria njiani.

"Mchezo wetu una sheria moja tu. Aliyefikiwa na zamu anapewa mkononi, hata akitaka kwenda kuitupa majini. Leo nikikuruka wewe kwa kuwa sipendi unachokwenda kununua, kesho nitamruka mwingine kwa kuwa simpendi yeye. Ijumaa nitakuletea zako zote. Utajua mwenyewe." Akasimama, akachukua buibui lake. "Ila zungumza na Kibibi kwanza. Amesoma kuliko mimi na wewe."

* * *

Kibibi alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani, mwanamke wa rika la Mardhiya, na alikuwemo kwenye upatu, zamu ya tisa. Alisikiliza habari yote akiwa amekaa mkekani kwa Mardhiya, akiukunja na kuukunjua ukili aliokuwa akisuka.

"Ulisema wallahi?"

"Mara mbili."

"Ulikusudia, au ulimi uliteleza?"

Mardhiya alifikiri. Hapa ndipo angeweza kujiokoa kwa neno moja, na hakuna ambaye angemjua. "Nilikusudia," alisema. "Wakati ule nilikusudia kwa moyo wangu wote."

"Basi ni kiapo. Lakini kiapo si minyororo, Mardhiya. Mtume ametufundisha, mtu akiapia jambo kisha akaona jingine lililo bora kuliko hilo, alifanye lililo bora na atoe kafara ya yamini yake. Kulisha masikini kumi, au kuwavika kumi. Asiyeweza, afunge siku tatu."

"Na arobaini?"

"Khitma husomwa kwa Qurani. Ng'ombe tumemwongeza sisi."

Ilisemwa kwa upole lakini Mardhiya alishtuka. Alikuwa na shida moja, akidhani dini ndiyo iliyomfunga. Sasa dini ilikuwa imemfungulia mlango na akaona kilichobaki kumzuia ni nini. Ni Mwanamkasi na ungo wake. Ni Bwanaheri na furaha yake. Ni yeye mwenyewe, aliyependa kusifiwa siku ile. Kuvunja kiapo kwa Mungu kulikuwa na bei inayojulikana, kumi. Kuvunja ahadi mbele ya watu wa Pangani hakukuwa na bei, utalipa mpaka watakapochoka kukudai.

Jioni alipika ule mchele wa kikombe. Mwanawe mdogo alilamba sahani, akainua uso na kuuliza kama baba akisomewa arobaini watakula nyama.

"Unataka nyama?"

"Nataka."

"Na kesho yake utakula nini?"

Mtoto alimtazama asielewe. Kesho yake ilikuwa kazi ya mama.

* * *

Ijumaa Bi Mwanamvua alileta zile pesa kwenye bakuli lililofunikwa kawa, bila vigelegele kwa ajili ya eda. Mardhiya alizipokea kwa mikono miwili. Akahesabu mia na tisini, akazirudisha kwenye bakuli, akalifunika.

"Mpelekee Mhindi," alisema.

Bi Mwanamvua hakusema nimefurahi wala hongera. Alisema, "Nitamwambia atie na chupa ya mafuta ya mashine," akatoka haraka kabla mwenzake hajageuza shauri.

Kisha Mardhiya alituma mtu amwite shemeji yake. Angeweza kungoja asikie kwa watu, na wengi wangefanya hivyo. Alishusha pazia, akakaa nyuma yake, mikono ameibana magotini.

Bwanaheri alikuja amevaa vizuri, akidhani amekuja kuchukua pesa za ng'ombe.

"Shemeji," alisema Mardhiya, "nisamehe. Ng'ombe hatakuwapo."

"Kijumbe hajaleta?"

"Ameleta. Nimenunua cherehani."

Upande wa pili wa pazia kiti kililia.

"Uliapa," alisema Bwanaheri.

"Niliapa. Nimevunja. Kafara nitatoa."

"Kafara utampa nani, mimi? Arubuni yangu hairudi. Thelathini, Mardhiya. Na watu nimekwisha waita. Nitasimama pale niwaambie nini, shemeji yangu amenunua cherehani? Umenivua nguo mchana kweupe."

"Nina watoto wawili, shemeji. Kituo cha basi siendi. Miezi tisa natakiwa nilipe."

"Watoto ni wa ndugu yangu. Nilikwambia sitawalisha?"

"Ulileta shilingi mbili," alisema Mardhiya.

Hakukusudia kumchoma, alisema tu lililokuwa. Lakini lilimwingia Bwanaheri mpaka ndani kwa kuwa alijua, kama alivyojua uzito wa nazi, kwamba siku ile zile mbili ndizo alizokuwa nazo, na nyingine thelathini alikuwa amekwisha mpa mfugaji wa Msata kwa ajili ya sifa. Alisimama.

"Arobaini utaifanya wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nitakuja kama mgeni. Ikiisha, tusijuane."

* * *

Ilifanyika. Watu wa Pangani walikuja kumi na saba. Wanawake wa upatu hawakuwa na pesa ya kuchanga lakini kila mmoja alileta alichonacho: mikate ya kumimina, tende, kashata za nazi, na kahawa ya tangawizi masufuria mawili. Khitma ilisomwa barazani kwa sauti nzuri, juzuu zote thelathini, na Kibibi na wanafunzi wake walisoma ndani. Kama ni dua, Majaliwa aliipata kamili.

Kisha masinia yakaja. Shangazi Mwanamkasi aliinua kawa ya kwanza, akaona mkate. Akaifunika. Akainua ya pili, akaona mkate. Akawageukia wenzake na uso mtamu.

"Kahawa ya Bagamoyo ina sifa yake," alisema. "Wenyewe tumekuja kuinywa kutoka Pangani."

Wanawake waliangua kicheko, wengine wakajizuia kwa pembe za kanga. Mardhiya alikuwa hatua tatu kutoka pale. Nyuma yake pembeni cherehani ilikaa chini ya kanga, na kila mtu alijua ni nini kilichofunikwa pale. Msichana mmoja aliinua ncha ya kanga, akachungulia, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye ng'ombe mwenyewe." Kicheko kikarudi upya.

Mardhiya aliinamisha kichwa. Aliumia, hilo lisifichwe. Aliona kama anamsikia Majaliwa naye akichekwa. Mara mbili alitaka kusimama aingie uani, na mara mbili alijizuia kwa kuwa mfiwa hainuki kabla ya wageni. Barazani Bwanaheri alipokea kahawa yake kwa mkono wa kulia, akanywa kikombe kimoja, akaaga kama mgeni. Neno lake alilitimiza.

* * *

Kesho yake asubuhi aliiondoa ile kanga.

Alikuwa amejifunza kushona utotoni kwa mjomba wake, fundi wa kanzu, lakini mikono husahau. Siku ya kwanza alikata uzi mara ishirini. Kibibi alipokuja alimkuta amezungukwa na kitambaa cha marekani, jora limefunguliwa sakafuni, anapima kwa dhiraa.

"Unashona ya nani?"

"Ya kafara. Kumi. Utanichagulia wanafunzi wako walio masikini kabisa, na usiwaambie zimetoka kwa nani."

"Yadi ngapi hizo?"

"Kumi na tano. Shilingi thelathini."

Kibibi alikaa chini. "Mwenzangu, ishirini zimekwisha kwa chakula na sukari ya arobaini, hizo ndizo zilizobaki zako za kula. Mimi nilikwambia, asiyeweza anafunga siku tatu. Sheria imekuachia nafasi. Wewe huna kitu, funga, Mungu anakuona, yatosha."

Mardhiya aliuachia mkono wa cherehani. Gurudumu lilizunguka kidogo lenyewe, likasimama.

"Juzi ningefunga," alisema. "Juzi sikuwa na kitu. Lakini mwenye cherehani hawezi kusema hana kitu, Kibibi. Nikisema hivyo, basi ya nini nimemvunjia shemeji yangu heshima?"

Kibibi alisogea karibu. Alichukua sindano, akaanza kupinda mapindo.

Kanzu ya kwanza shingo ilikwenda upande. Ya pili mkono mmoja ulikuwa mrefu. Kufika ya sita mkono ulikuwa umekumbuka kazi, na ya kumi ilitoka imenyooka kiasi kwamba Bi Mwanamvua aliigeuza ndani nje akitafuta kosa, asilione, akanuna kidogo. Ijumaa iliyofuata watoto kumi walipita mtaani wakienda msikitini, marekani mpya inasimama kama ubao, mmoja anatembea akijitazama kifuani mpaka akajigonga kwenye nguzo ya baraza.

Ilikuwa baraza ya Bwanaheri. Alimshika mtoto bega, akamsimamisha sawa.

"Kanzu nzuri. Umepewa na nani?"

"Na Maalim Kibibi."

"Na yeye amepewa na nani?"

"Hakusema."

Bwanaheri aliitazama shingo ya ile kanzu. Ilikwenda upande. Akawatazama wengine waliokuwa wakimngoja mwenzao, na bila kutaka akawahesabu. Walipopita alibaki amekaa hata adhana ikamalizika, na mkewe Nunu alilazimika kumwambia kwamba Ijumaa inampita.

* * *

Kazi ilianza kuja kidogokidogo. Kwanza walikuja wanawake wa upatu wenyewe, kupinda kanga senti thelathini. Kisha foronya. Kisha bibi harusi mmoja wa mtaa wa pili, mapazia manne kwa mpigo. Watu waliocheka arobaini hawakuacha kusema, ila walisema huku wameshika kitambaa mkononi, na hilo Mardhiya aliliweza. Mchele alirudi kuupima kwa kibaba.

Alhamisi, siku moja kabla ya makusanyo, alizihesabu pesa zake mkekani. Kumi na nane na sumni. Akahesabu tena, zikawa zile zile. Imebaki shilingi moja na nusu, na kesho asubuhi Bi Mwanamvua atapiga hodi, na Miza muuza mkaa anangoja. Alitazama kila upande wa chumba akitafuta cha kuuza. Macho yalifika kwenye kikaango cha vitumbua, yakakaa hapo.

Ndipo Nunu, mke wa Bwanaheri, akaingia. Tangu arobaini hakuwa amekanyaga pale. Alisalimia haraka haraka, akatoa kanzu chini ya buibui lake.

"Nimeleta kanzu ya mtu," alisema. "Mfuko umechanika, na ubavuni hapa imefumuka. Nawe ndiye fundi wa mtaa, wanasema."

Mardhiya aliipokea. Hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Idi ya mwaka uliopita ndugu wawili walishonewa kutoka jora moja, na ya pili, ya Majaliwa, aliikunja yeye mwenyewe sandukuni. Alipitisha mkono kwenye mshono uliofumuka, polepole. Kisha akaiweka chini ya sindano na kuzungusha mkono wa cherehani. Nunu alikaa akimtazama. Ilipokwisha, Mardhiya alikata uzi kwa meno, akaikunja kanzu vizuri kuliko ilivyokuja.

"Shilingi moja na nusu."

"Hata kwa sisi?"

"Umeniambia ni ya mtu. Mtu bei yake ni hiyo."

Nunu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akafungua pindo la kanga yake, na pale zilikuwapo sarafu mbili tu, shilingi na shilingi, zimefungwa peke yake, zimewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Akazitia kiganjani mwa Mardhiya bila kuzihesabu.

"Amesema usirudishe inayobaki."

Mardhiya alizitazama zile shilingi mbili. Akachukua sumni kutoka kwenye fungu lake mkekani, akaiweka juu ya kanzu iliyokunjwa, akamkabidhi Nunu vyote pamoja.

"Mpe salamu zangu," alisema. "Mwambie matanga yalikwisha, mwenzangu. Sasa hapa ni kwa fundi, na inayobaki hurudishwa."

Nunu alipotoka, alizikusanya zilizokuwa mkekani na kuzifunga kwenye pindo, ishirini kamili. Kisha akavuta foronya iliyofuata.